Uzoefu wangu: seti ya udaktari ya kuchezea, kabla mwanangu hajaingia tiata (chumba cha upasuaji)

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka 5, usiku alikuwa anakoroma mpaka pumzi inakata, daktari akasema nyama za pua na tonsesi zitolewe, atalazwa siku moja. Wiki moja kabla nikapita Kariakoo nikanunua seti ya udaktari ya watoto, ile ya kibegi chekundu, 15,000.

Seti yenyewe naipa 3 kwa 5. Kile cha kusikilizia moyo mrija ulikatika siku ya pili tu, halafu kanula, kile kimrija kinachochomwa kwenye mshipa wa mkono cha kupitishia dawa, ambayo ndo mtoto anaiogopa kuliko vyote, haimo. Nikaenda duka la dawa nikaongezea bomba bila sindano yake, plasta na pamba, haikufika hata elfu 3. Hapo ndo mchezo ukanoga, kila jioni tunamlaza mdoli, tunamfuta mkono na pamba, tunambandika plasta, "kanula yako hii usiivute eeh", kikombe cha plastiki puani ndo maski ya dawa ya usingizi, anamwambia vuta pumzi kama unataka kupuliza puto. Siku moja akaniuliza, mama sindano inauma? Nikamwambia inauma kidogo kama siafu akikung'ata, halafu inaisha, na mimi nitakuwa nimekushika. Bibi yake hakupenda, alitaka tumwambie tunaenda kula chipsi. Ila mtoto wa dada yangu alidanganywa hivyo hivyo, mpaka leo akiona koti jeupe ni kilio.

Siku yenyewe sasa. Tuliambiwa mwisho wa kula saa 6 usiku, tukafika saa 12 asubuhi, tukaitwa saa 6 mchana!! Hapo hospitali (sitaitaja) walinikwaza sana, masaa 12 mtoto hana kitu tumboni, na kumbe maji matupu kwa kawaida anaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla ya dawa ya usingizi, hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza mwenyewe. Ulizeni mapema jamani, na ombeni wadogo watangulie.

Lakini kwenye kanula alitoa mkono mwenyewe. Nesi, Mungu ambariki, akaanza na mdoli, akamfunga plasta ya ukweli, ndo akaja kwake. Alilia kidogo akanyamaza.

Kitu kimoja sikumwandaa. Aliamka chumba cha kuzindukia mimi niko nje, wazazi hatukuruhusiwa, nikamsikia ananiita na koo bichi lile, sauti haitoki vizuri. Roho iliniuma kuliko siku yote ile. Kwenye mchezo wetu mdoli alikuwa anaamka mikononi kwa mama kila siku. Ningejua ningemfundisha mdoli kuamka na nesi kwanza, mama yuko nyuma ya mlango, anakuja sasa hivi.