Pakiti tatu za chuma cha mimea: EDTA, DTPA na EDDHA

Haya, karibuni tena. Mezani leo kuna pakiti tatu, zote chuma cha mimea, ila bei zimeachana sana. Huu unga wa njano ni EDTA, chuma asilimia 13. Hii DTPA, asilimia 11. Na hizi chembe nyeusi ni EDDHA: asilimia 6 tu, na ndiyo ghali kuliko zote! Dukani utajiuliza, nilipe zaidi nipate kidogo, ya nini? Ngoja kwanza.

Chuma kitupu hakikai majini. Tia salfeti ya chuma kwenye maji ya kisima yenye pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) 7.5, kesho utakuta tope la kutu chini ya ndoo, na mmea haunywi kutu. Ndiyo maana chuma kinafungwa ndani ya kelati, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake gando la kaa. EDTA, DTPA na EDDHA ndizo kelati zenyewe. EDTA inaishika ioni (chembe yenye chaji) moja ya chuma kwa ncha sita: nitrojeni mbili na oksijeni nne.

Lakini gando hilo linagombaniwa. pH ikipanda, hidroksidi inakivuta chuma upande huu, kalsiamu inaivuta EDTA upande ule. Kwa hiyo EDTA iamini mpaka pH 6.5 hivi, DTPA mpaka 7.5. EDDHA inafika 9, kwa sababu oksijeni zake mbili ni za fenoli (oksijeni iliyoungana na pete ya kaboni), na hizo hukishika chuma kwelikweli. Rangi nayo inatoka hapo. Tazama glasi hii ya EDDHA iliyoyeyushwa, nyekundu kama juisi ya rozela.

Wekundu peke yake usikudanganye, hata EDDHA dhaifu ni nyekundu. Soma lebo, tafuta asilimia ya orto-orto, yaani chuma kilichoshikwa na ile EDDHA imara. Chuma 6, orto-orto 4.8: hiyo safi. Lebo ikinyamaza, rudisha pakiti rafuni.

Vipimo. Ukitaka miligramu 2 za chuma kwa lita, tangi la lita 1,000 linahitaji gramu 15 za EDTA, au 18 za DTPA, au 33 za EDDHA. Kwenye mchanganyiko mzito, ule wa kuzimuliwa baadaye, chuma kiwekwe na nitrati ya kalsiamu, mbali na fosfati. Asidi usiimimine humo: pH ikishuka chini ya 3.5, hidrojeni inazikalia zile ncha na chuma kinaponyoka. Tangi liwe jeusi au lifunikwe, maana jua huivunja EDTA, na DTPA pia.

Wa haidroponiki, yaani mnaolima kwenye maji bila udongo, mnaoshikilia pH 5.5 hadi 6.2, chukueni EDTA. EDDHA kwenu ni kutupa hela. Maji yanayopandapanda kuelekea 7, DTPA. Shamba la udongo wa chokaa, kama ule wa matumbawe kule pwani, majani machanga yamegeuka njano na mishipa imebaki kijani? Hapo lipia EDDHA, na uimwage shinani. Ukiinyunyiza majani, utaambulia madoa mekundu.