Nilienda Fort Portal kupumzika, nikarudi na fundi wa maji

Mwenzenu nimechelewa sana kuandika haya, niliwaahidi wale vijana wa risepsheni ya hoteli niliyolala kwamba nikifika Kampala tu naandika, sasa mwaka umepita na miezi yake juu. Shida ni nyota. Kila nikianza nakwama kwenye nyota ngapi niwape, mtanielewa mbele.

Mie mtu wa Mombasa, Majengo, niliolewa Uganda na dereva wa malori, Mnubi wa Bombo, tukakaa Kibuli, Kampala, miaka kumi na nne. Aliondoka kwa presha. Alfajiri ameswali vizuri, saa nne tunaambiwa hayupo. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, ikaisha, watu wakaacha kuja, na kusema kweli hapo ndio msiba ulianza manake wakati wa eda nyumba imejaa, kila mtu na sufuria lake, huna hata nafasi ya kulia peke yako. Nitasema na jambo moja la aibu kidogo. Laini yake ya simu sikuiachia. Laini ukikaa nayo bila kuitumia wanaichukua wanampa mtu mwingine, na mie sikutaka siku moja nipige nipokelewe na mtu nisiyemjua. Basi kila mwisho wa mwezi natoa ile simu kabatini, naiwasha, naweka vocha ya elfu moja, najipigia. Jina lake linatokea kwenye kioo cha simu yangu. Naliangalia likiita kidogo, nakata, naizima, narudisha kabatini. Hivo miaka miwili.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyenifukuza nyumbani. Akaniambia wewe unaoza humo ndani, chukua pesa za mchezo nenda kalale pahali. Nikachagua Fort Portal kwa sababu marehemu alikuwa akibeba majani ya chai kutoka huko hadi Mombasa kwenye mnada, miaka na miaka, na kila akirudi ananihadithia ile hoteli kubwa ya zamani yenye varanda ndefu, anaipita tu na lori akisema siku moja tutalala pale kama mabalozi. Na alikuwa akisema kuna mlima una barafu. Mie nikimwambia acha uongo wa madereva, barafu Uganda, kwenye ikweta?

Basi ni kama kilomita 300, unapita Mityana, Mubende, Kyenjojo, na ukishaingia Kyenjojo unaanza kuona mashamba ya chai yamelala kama busati la kijani mpaka mwisho wa macho. Nilifika jioni na baridi yake. Bebeni sweta jamani, msidanganywe na neno Uganda, kule juu ukitoka Kampala na dera peke yake utajuta.

Hoteli yenyewe ni nzuri, sitaki kuidhulumu. Mbao zinang'aa, dari ndefu, bustani kubwa imekatwa nyasi vizuri, sebuleni wanakuwashia moto wa kuni usiku na unaweza kukaa pale masaa bila mtu kukuuliza unakunywa nini. Shilingi 260,000 za Uganda kwa usiku mmoja na chai ya asubuhi, nikalipa siku nne. Mashuka safi. Kuku wao mkavu, achaneni naye, agizeni karo, ule ugali wa wimbi, na firinda, ile mchuzi ya maharage yaliyomenywa maganda, mtanishukuru. Ila kitu kimoja kiliniuma, uko katikati ya nchi ya chai, ukifungua dirisha unaliona shamba, halafu wanakuletea kifuko cha majani na chupa ya maji ya uvuguvugu! Mume wangu kaumaliza mgongo wake kubeba hayo majani, mie naletewa kifuko. Na WiFi haikufanya kazi hata siku moja. Wifi ya kunileta ilifanya kazi, WiFi ya hoteli hapana.

Sasa maji.

Usiku wa kwanza nafungua bomba la moto, linatoka baridi kama la mtungi. Napiga risepsheni, pole nnyabo tunatuma fundi. Fundi amekuja baada ya Isha, baba mzima, jaketi zito, begi la spana, na kijana mmoja wa kumshikia tochi. Akapanda kwenye kiti akagonga gonga ile hita, akanigeukia na Kiswahili chake cha mpakani, "Mama usisikie mbaya, maji itatoka moto saa hii hii."

Mie na uchovu wangu wote, sijui nilipata wapi nguvu, nikamwambia, "Yatatoka."

"Eh?"

"Maji yatatoka. Sio itatoka."

Akafikiri, spana mkononi, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Sasa yatatoka mangapi?"

Wallahi nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, yule kijana na tochi yake akaanza kucheka bila kujua anacheka nini, fundi mwenyewe amesimama kwenye kiti hajui ashuke au abaki. Walipoondoka nikakaa nawaza, hicho kicheko nilikuwa nacho wapi siku zote hizi.

Na maji hayakutoka moto. Koili imeungua, mpya lazima itoke Kampala, kila asubuhi saa kumi na mbili msichana ananiletea ndoo ya maji ya moto hadi mlangoni. Fundi akawa anakuja kila siku "kuangalia". Kuangalia nini, koili imeungua imeungua. Lakini anakuja, na mie nakuwepo. Mkonzo wa Kasese, Kiswahili alikiokota Mpondwe kwa Wakongomani, na siku ya pili ndio nikajua naye ni mjane, miaka sita sasa, hakusema kwa kulalamika, aliniambia tu kwamba miezi ya mwanzo alikuwa akipika wali wa watu wawili kisha anakula wote ili usibaki. Sikumjibu kitu. Nilikuwa naujua huo wali.

Kitu kingine nisikisahau, kule kwa Watooro wana majina ya upendo, empaako, kama kumi na mawili tu na wanagawana kabila zima, UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa kulindwa mwaka 2013. Mama mmoja wa pale hotelini anayepanga maua akaniuliza empaako yako nani, nikamwambia sina, akashtuka kama nimemwambia sina mguu. Papo hapo akanipa, Abwooli, wenyewe wanalihusisha na paka. Kuanzia hapo kuanzia getini mpaka jikoni ni Abwooli umeamkaje, Abwooli umekula. Nyumbani nilikuwa mama mjane, masikini mama mjane, kila salamu ina pole ndani yake. Siku nne hakuna aliyenipa pole. Wenye hoteli hawaliandiki hilo kwenye matangazo yao na ndio kitu bora walichonacho.

Asubuhi ya tatu nimetoka kupokea ndoo yangu, mawingu yamepanda. Siku zote mlima ulikuwa haupo, ni ukungu tu (mkienda Aprili au Oktoba mtarudi hamjauona, nawaambia). Sasa umesimama pale wote, mweusi mkubwa, na juu kabisa kitu cheupe kama mtu kapaka chokaa. Fundi alikuwa anapita na mabomba yake, nikamuuliza kile ni nini. Akasema barafu, imebaki kidogo siku hizi, wazee walikuwa wanaiona kubwa, kwao mlima wanauita Rwenzururu, kilele kirefu kinafika mita 5,109. Mie sikusikia hizo mita. Nimesimama na kanga na ndoo inatoa mvuke, nikasema kwa sauti, nisamehe, ulikuwa unasema kweli. Nikalia kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukilia. Fundi akachukua ile ndoo kutoka mkononi mwangu akaiweka chini, akaenda akakaa mbali kidogo kwenye ngazi, akageuza uso upande wa mlima, hakuondoka na hakusema neno. Mpaka nikamaliza. Maji yakawa yashapoa, akaenda jikoni akaniletea mengine.

Siku ya mwisho alinipeleka kwenye maziwa ya kreta na yule kijana wa tochi, manake nilisema siendi bila mtu wa tatu, mie sio msichana. Tulipofika Nyinambuga akaniomba noti ya 20,000 akaiinua, ndilo ziwa lililochorwa pale, ukilinganisha unaona kweli. Noti ikaishia kumlipa dereva, hadi leo hajanirudishia.

Nikarudi Kibuli. Akawa anapiga Ijumaa baada ya swala, kisha Ijumaa na Jumatatu, kisha sijui. Siku moja maji yalikatika mtaa mzima nikamlalamikia, jioni akaniandikia ujumbe, "Maji yamekuja?" Yamekuja! Nikauangalia ule ujumbe mara ngapi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili amekaa Kasese anajifunza ngeli peke yake. Nikampelekea wifi simu asome, wifi akasoma, akanirudishia, akasema huyu mwambie aje na wazee wake. Tulifunga ndoa miezi minane baadaye na pilau alilipika yeye wifi, alilia kwenye sufuria lakini alilipika.

Kwa hiyo nyota nne. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya maji, na mume wangu anasema ni haki kabisa, hita ile ilikuwa ya kutupwa tangu zamani, aliwaambia hawakusikia. Ombeni vyumba vya upande wa mlima.

Mwezi uliopita nilikuwa na harusi ya jirani, mbio huku na huku, mwisho wa mwezi ukapita sikukumbuka. Niko jikoni nakuna nazi nasikia simu yangu inaita mezani, natazama, jina la marehemu. Moyo ukasimama. Nikatoka na mikono yangu ya nazi mpaka sebuleni, nikamkuta fundi amekaa kwenye kochi, ile simu ya kabatini mkononi, miwani puani.

"Nimeweka elfu moja," akasema. "Naikata sasa ama bado unaangalia?"