Kisu cha kauri au cha chuma?

Hapa Mtwara upepo wa chumvi haukihurumii kisu cha chuma cha kawaida: kikilala na maji, asubuhi kina kutu. Cha kauri hakishiki kutu kamwe, na nyanya kinaikata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Makali yake hudumu miezi mingi.

Ila kauri ni ngumu na huvunjika upesi. Changu kilimeguka ncha kwenye kichwa cha samaki kolekole, nikaumia moyo. Tena kinataka kinoo cha almasi. Cha chuma unakinoa kwenye jiwe uani.

Kama kila siku unapasua samaki na kumenya mihogo, shika chuma, ukikaushe vizuri. Kwa maembe na kachumbari, kauri inatosha. Kioshe peke yake, ukirudishe kwenye ala.