T·PARK Hong Kong: nimeoga maji yaliyopashwa kwa mavi, nawapa nyota nne

Nilikuwa Guangzhou kufunga mzigo, siku mbili za mwisho nikavuka Hong Kong, jamaa yangu akaniambia twende T·PARK. Nikajua ni bustani, kumbe ni kiwanda cha kuchoma tope la majitaka, lile zito linalobaki maji ya chooni yakishasafishwa. Kipo Tuen Mun huko Nim Wan, mbali kishenzi, na ukifika unaona jengo lina umbo la wimbi, ungesema hoteli.

Nilivyoshuka kwenye gari cha kwanza nikavuta pumzi kwa nguvu, makusudi kabisa. Hamna kitu, harufu ya bahari tu. Na hapo mtambo una uwezo wa kuchoma tani 2,000 kwa siku! Mimi kwetu Mbagala gari la kunyonya likija kwa jirani mtaa mzima tunafunga madirisha, na mvua ikipiga kuna wale wanaotapisha vyoo usiku, mnaelewa ninachosema. Wenzetu hewa ya pale tope linapohifadhiwa wanaivuta kwenda ndani, haipati upenyo wa kutoka.

Kutembezwa ni bure. Wanaelezea kwamba ndani ya tanuru kuna mchanga, unapulizwa hewa kutoka chini mpaka unachemka kama uji, joto nyuzi 850, tope likidondokea humo linakauka na kuungua hapo hapo, joto lake linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo wa umeme. Yaani kiwanda kinajiendesha chenyewe na umeme ukizidi unaingia gridi. Maji nayo wanasafisha ya bahari na kukinga ya mvua, na majitaka ya mle ndani hayatoki nje hata tone, wanayatumia tena.

Sasa utamu upo kwenye mabwawa ya kuoga, joto tofauti tofauti, yote yanapashwa na joto la humo humo kiwandani. Nimeingia naogopa ogopa, kidole kwanza, halafu goti, mwisho nimezama mpaka shingoni naangalia Shenzhen ng'ambo ya maji, jamaa yangu ananiuliza unatoka saa ngapi, nikamwambia we tangulia tu.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya majivu. Kweli tope linapungua kwa 90% lakini kinachobaki kinaenda dampo na fosforasi yake, mbolea hiyo jamani! Ujerumani walishatunga kanuni tangu 2017 kwamba mitambo mikubwa itabidi iitoe fosforasi kwanza, wakulima wafaidi.

Mkienda buki mapema, na nguo za kuogelea msisahau. Mke wangu nimeshamtumia picha ya bwawa, ya tanuru bado nimeificha.