Seti ya Kudhibiti Umwagikaji wa Sampuli: Ndoo Inafaa, Kadi ya Maelekezo Irekebishwe

Seti ninayoitathmini ni ile ndoo ya njano yenye mfuniko wa kubana ambayo wasambazaji wa vifaa tiba wa Dar es Salaam huziuzia maabara za hospitali za wilaya na vituo vya afya, hasa zile zinazojiandaa kwa ukaguzi wa SLIPTA (mpango wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika wa kuinua ubora wa maabara hatua kwa hatua), kwa kuwa orodha ya ukaguzi huo huuliza wazi kama maabara ina vifaa vya kushughulikia umwagikaji. Sitaji jina la mtengenezaji, kwa sababu kasoro kubwa nitakazozieleza nimezikuta pia katika seti za watengenezaji wengine. Maabara yetu hupokea damu, mkojo, kinyesi na makohozi ya wagonjwa wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu, na kwa hiyo nimeipima seti hii kwa kuzingatia sampuli zote hizo, si damu peke yake.

Ndani ya ndoo mna glavu jozi mbili, aproni ya plastiki, miwani ya kinga, barakoa ya upasuaji, vifuniko vya viatu, vitambaa vya kufyonza, pakiti ya chengachenga za kufyonza zenye klorini, vidonge vya klorini, kibano cha plastiki, kikwangulio na kizoleo cha kadibodi, mifuko miwili yenye alama ya hatari ya kibaiolojia, pamoja na kadi ya maelekezo. Vitu vimepangwa kwa mfuatano wa matumizi: vya kuvaa viko juu, vya kufyonza katikati, mifuko ya taka chini. Mpangilio huu ndio sifa kubwa ya seti. Chupa ya damu inapopasuka sakafuni, mtu hushikwa na haraka ya kufuta kabla hajavaa chochote, na ndoo inayomkutanisha na glavu na miwani kabla ya kitambaa humrudisha kwenye utaratibu bila kuhitaji kukumbushwa.

Tuliijaribu kwa maji yaliyokorogwa na wanga na rangi nyekundu, tukayamwaga sakafuni pamoja na vipande vya chupa ya kioo. Vitambaa vilifyonza vizuri na havikuchanika. Chengachenga ziligeuza maji kuwa uji mzito uliozoleka bila kutiririka, jambo ambalo kwa sakafu zetu za saruji, zenye nyufa, ni msaada mkubwa. Kibano ndicho kilichotuangusha. Mikono yake ni laini mno, kiasi kwamba kipande cha kioo chenye ukubwa wa ukucha kiliteleza mara tu kilipoinuliwa, na mwenzetu akapeleka vidole vyake kukidaka hewani. Hiyo ndiyo ajali yenyewe ambayo kibano kimewekwa kuizuia. Kizoleo cha kadibodi nacho kililowa na kujikunja kabla kazi haijaisha. Tumeweka kibano cha chuma na kizoleo cha plastiki ngumu, na vyote viwili huoshwa kwa kipukusi (dawa ya kuua vimelea) na kurudishwa ndooni.

Sasa nije kwenye klorini, kwa maana hapa ndipo kadi inapopotosha. Inaelekeza kidonge kimoja katika lita moja ya maji kwa kila aina ya umwagikaji. Kila kidonge cha seti hii hutoa gramu 1 ya klorini, kwa hiyo mchanganyiko huo una sehemu 1,000 kwa milioni, kiwango kinachofaa kwa kufuta meza ambayo tayari ni safi. Mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2004, ulipendekeza gramu 5 kwa lita pale ambapo sampuli imemwagika au pana uchafu mwingi wa kikaboni. Sababu yake inaeleweka: protini za damu huimaliza klorini kabla haijavifikia vimelea. Kwa vidonge hivi, basi, ni vitano kwa lita moja, na mchanganyiko utengenezwe papo hapo, kwa kuwa klorini iliyokwisha kuyeyushwa hudhoofika haraka kwenye joto na mwanga.

Kadi pia haisemi dawa imwagwe vipi wala ikae kwa muda gani. Utaratibu tunaoufundisha ni kufunika kilichomwagika kwa vitambaa, kisha kumimina dawa taratibu kuanzia ukingoni kuelekea katikati ili umwagikaji usisambae, na kuiacha ifanye kazi kwa dakika 30 kabla ya kuzoa. Vioo huokotwa kwa kibano na kutiwa katika boksi la vitu vyenye ncha kali, kamwe si katika mfuko. Kisha eneo hupigwa dawa mara ya pili, na nyuso za chuma husuuzwa kwa maji kwa sababu klorini huzila.

Chengachenga zenye klorini zisimwagwe moja kwa moja juu ya mkojo, kwani tindikali iliyomo inaweza kufukuza gesi ya klorini, na katika chumba kidogo chenye dirisha moja gesi hiyo humdhuru yule yule anayesafisha. Kwa mkojo, fyonza kwanza kwa vitambaa, kisha ndipo utumie dawa. Onyo hili halimo katika kadi, wala halimo kwenye pakiti yenyewe, na kwa maoni yangu ni upungufu usiovumilika katika bidhaa inayouzwa kwa ajili ya usalama.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni makohozi. Kadi huanza kwa agizo la kushughulikia umwagikaji mara moja, na barakoa iliyowekwa ni ya upasuaji, ambayo haibani usoni na haichuji hewa inayopenya pembeni. Chupa ya makohozi au ya kimelea kilichooteshwa ikidondoka nje ya kabati la usalama wa kibaiolojia, yaani lile lenye feni na vichujio vya kunasa vimelea vya hewani, matone madogo sana hubaki yakielea hewani hata kama macho hayaoni kitu. Hapo anayetaka kuwa shujaa kwa kufuta upesi ndiye anayevuta hewa hiyo. Kinachotakiwa ni kuziba pumzi, kuwaonya wenzako, wote kutoka, kufunga mlango na kubandika tangazo, kisha kusubiri angalau saa moja, na zaidi pale ambapo hewa ya chumba haibadilishwi vizuri. Anayerudi ndani awe amevaa N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani, iliyopimwa kuwa inambana. Vivyo hivyo mirija ikipasuka ndani ya mashine ya kuzungushia sampuli: izimwe, mfuniko ubaki umefungwa kwa dakika 30. Umwagikaji ukitokea ndani ya kabati la usalama, feni iachwe ikifanya kazi wakati wote wa usafishaji.

Kuhusu taka, kadi inaelekeza mfuko upelekwe kwenye otoklevu, mtambo wa kuua vimelea kwa mvuke wa moto. Vitambaa vilivyolowa klorini havifai kuingizwa humo, kwa kuwa joto hutoa gesi yenye sumu na mtambo huharibika. Mkuu wa maabara akubaliane mapema na wanaosimamia taka za hospitali kuhusu njia ya kuziteketeza. Aliyechomwa na kioo au kurukiwa machoni naye hakutajwa. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni bila kukamuliwa, macho yaoshwe kwa maji mengi kwa dakika 15, na mhusika afikishwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza manufaa yake.

Je, inunuliwe? Kwa maabara inayoshughulika na damu zaidi, ndiyo, kwa sharti kwamba kadi ibadilishwe na kibano kitupwe. Kwa maabara ya makohozi, isiwekwe mlangoni kabla N95 hazijaongezwa. Maabara yenye bajeti finyu inaweza kujitengenezea ya kwake kwa ndoo yenye mfuniko, pamba na vitambaa, kizoleo, kibano cha chuma na chupa ya Jik, dawa ya klorini ya kuondoa madoa, ya asilimia 3.5, ambayo sehemu yake moja ikichanganywa na sehemu sita za maji hutoa asilimia 0.5, yaani ile ile gramu 5 kwa lita. Msambazaji niliyezungumza naye hauzi vijazio vya ndani peke yake. Seti ikitumika mara moja, unalazimika kununua ndoo nzima upya. Kwa hiyo anayeagiza aulize kuhusu vijazio kabla ya kulipa, aangalie tarehe ya mwisho ya vidonge, na amkabidhi mtu mmoja kwa jina jukumu la kufungua ndoo hiyo kila mwezi na kuhesabu kilichomo.