Nimerudi uwanjani na Jogoo: uzoefu wangu wa siku ya mechi Kampala

Naandika kwa ajili ya shabiki aliyeacha kwenda uwanjani miaka mingi na sasa anajiuliza kama arudi. Mimi ni wa SC Villa, klabu ya Kampala tunayoiita Jogoo, tangu utotoni. Msimu uliopita nimehudhuria mechi tisa, za nyumbani na za ugenini, na tano kati ya hizo nilikwenda na mzee wa miaka 76 ambaye ndiye aliyenitia kwenye mpira. Mambo mengi yamekuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Moja ni baya, na linawaumiza hasa wale walioibeba klabu hii wakati viti vilikuwa vitupu.

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya. Aliyekulia kambini anajua: Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Muganda, wote tuliishi kwa Kiswahili, kwa hiyo timu inayoitwa Jogoo haikuhitaji mtu wa kunieleza maana yake. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa sajini, na hadi leo namwita hivyo hivyo, Sajini. Baba yangu hakupenda mpira. Sajini ndiye aliyekuwa akimwomba mama ruhusa, kisha tunashuka kwa miguu, tunavuka reli, tunapita mnara wa saa, na kabla hujauona uwanja wa Nakivubo unasikia harufu ya mtaro na sauti ya ngoma kwa pamoja.

Desemba 1991 nilikuwa na miaka tisa. Villa ilikuwa imefika fainali ya Klabu Bingwa Afrika, na mechi ya kwanza kule Tunis tulikuwa tumepigwa 6–2 na Club Africain. Kila mtu mzima alijua mabao manne ni mlima, lakini watu walijaa Nakivubo kana kwamba tunaongoza. Nilitazama nikiwa mabegani kwa Sajini. Tulitoka 1–1, kombe likaenda Tunisia, na wakati wa kurudi Nsambya hakunisemesha hata neno moja mpaka tulipofika getini. Mwaka uliofuata Villa ilifika fainali nyingine, ya Kombe la CAF, ikafungwa na Shooting Stars ya Nigeria. Siku hizo jina la Majid Musisi, mshambuliaji wetu, lilikuwa kinywani mwa kila mtoto wa kambini.

Lakini nisiwadanganye vijana kwamba zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Tulikaa juu ya ngazi za zege, kila mtu na kipande chake cha boksi. Mvua ikinyesha, boksi linahama kutoka makalioni kwenda kichwani. Vyoo vilikuwa ukuta. Mwanamke aliyekuja mpirani alihesabika, na aliyekuja hakunywa maji tangu asubuhi kwa sababu hakuwa na mahali pa kwenda. Pale langoni watu walisukumana hadi mbavu zikauma. Nilishawahi kutoka na kiatu kimoja. Tiketi ilikuwa kikaratasi chepesi, mkata tiketi anaichana katikati na kukurudishia nusu. Sajini alizihifadhi zile nusu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Bado anazo.

Kilichotutoa uwanjani ni mambo mengi yaliyokuja pamoja. Vibanda vya video vilitujia hadi mlangoni: kwa pesa kidogo unaona Arsenal na Manchester United, umekaa kivulini. Vijana wa rika langu wengi walihamia huko moja kwa moja. Kisha ikaja Julai 2010, mabomu yaliyolipuka Kampala usiku wa fainali ya Kombe la Dunia na kuua watu zaidi ya 70 waliokuwa wamekaa kutazama mpira. Tangu hapo kila lango lina msako, na mama zetu walikuwa na haki ya kutukataza kwenda penye watu wengi. Mwaka 2017 Nakivubo yenyewe ikabomolewa ili ijengwe upya, na Villa ikawa kama mpangaji. Tuliwafuata hadi Masaka. Tuliwafuata Wankulukuku, nyumbani kwa Express, watani wetu wakubwa, na kwa mtu wa umri wa Sajini kuishangilia Villa kama mwenyeji Wankulukuku ni kitu kilichomchoma kweli.

Alikwenda hata hivyo. Na ubingwa wa 2024 ulipokuja, wa 17, baada ya miaka 20 ya kusubiri, alilia mbele yangu. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mkewe.

Sasa nieleze siku yenyewe ilivyo leo.

Nakivubo mpya ilifunguliwa 2024. Mara ya kwanza kuingia nilisimama mlangoni nikitafuta upande tuliokuwa tukikaa, na sikuupata. Hakuna kilichobaki cha kukuelekeza. Kiwanja kina nyasi bandia, kwa hiyo lile tope la mwezi wa nne lililokuwa likiua mchezo limekwisha. Pembeni kote ni maduka, soko la Owino liko pale pale, na ukishuka kutoka mtaa wa biashara wa Kikuubo unaingia mpirani moja kwa moja kutoka kazini. Kwa wafanyabiashara wa mjini hili ni jambo kubwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kiti. Najua kiti cha plastiki si kitu cha kuandikia, lakini mtazame mzee mwenye mgongo mbovu akiketi juu yake. Sajini alishika kingo kwa mikono miwili, akajishusha taratibu, akaegemea, halafu akageuka kunitazama. “Kijana,” akaniambia, “hapa naweza kumaliza dakika tisini.” Kwa miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa akiondoka mapumzikoni kwa sababu ya maumivu, anasikiliza kipindi cha pili kwenye redio ndani ya teksi.

Jambo la pili ni vyoo. Vina milango, vina maji. Binti yangu ana miaka 13 na amekuja nami mechi nne msimu huu, na safu tuliyokaa ilikuwa na wanawake wengi kuliko niliowaona Nakivubo utoto wangu wote. Mzazi anayesita kumleta mtoto wa kike, mimi namwambia amlete.

Mechi za usiku nimezionja Namboole, Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Uwanja ule ulifunguliwa 1997, na baada ya ukarabati taa zake zinamulika hadi unaona jasho la mchezaji. Nilikuwepo Cranes, timu yetu ya taifa, walipofungwa 3–0 na Algeria, nikarudi walipowapiga Guinea 3–0, na ile sare ya 3–3 na Afrika Kusini niliitazama nikiwa nimesimama robo saa ya mwisho yote. Watu wengi kiasi kile, na hakuna aliyenikanyaga. Kasoro ya usiku ni kurudi nyumbani: bodaboda hupandisha bei mechi ikiisha, na mwenye kukaa mbali afanye hesabu hiyo mapema.

Kuhusu kelele nina neno. Siku hizi kuna viwanja ambavyo spika kubwa hupiga muziki tangu milango inapofunguliwa hadi kipenga, na tena mapumzikoni. Aliyepanga hivyo pengine hajawahi kukaa karibu na mpiga ngoma. Wimbo wa jukwaani hauanzi kwa ukubwa. Mtu mmoja anapiga ngoma polepole, mwingine anatupa mstari, walio karibu wanaitikia, wanaupitisha safu hadi safu, na inachukua dakika kama kumi kabla upande mzima haujashika. Zile dakika kumi ndizo spika inazozizima. Mechi moja msimu huu mpiga ngoma wetu alijaribu mara tatu, mara ya nne akaiweka ngoma miguuni. Tulikaa kimya watu elfu kadhaa tukisikiliza nyimbo tunazozisikia kwenye teksi kila siku. Naomba tu nusu saa kabla ya mechi spika zinyamaze. Haigharimu chochote.

Na sasa lile baya lenyewe, lango.

Ilikuwa mechi ya ugenini, uwanja mmoja wa hapa hapa mjini. Tiketi siku hiyo ziliuzwa kwa simu pekee: unalipa kwa simu, unapokea ujumbe wenye kiungo, unafungua kiungo unaona kile kiboksi chenye vidoti vyeusi, langoni mashine inakisoma. Kwangu ilichukua dakika mbili na niliipenda. Hakuna foleni ya dirishani, hakuna mlanguzi wa kukuuzia ya bandia. Lakini Sajini ana katochi, ile simu ndogo ya vitufe isiyofungua kiungo. Alimwomba mjukuu wake amlipie, shilingi 10,000 zikakatwa, ujumbe ukaja kwenye katochi yake, na yeye akaamini kwamba ana tiketi. Mimi nilitoka kazini, tukakutana langoni.

Alimwonyesha kijana wa langoni ule ujumbe, ameinua simu kwa mikono miwili jinsi mtu anavyoonyesha kitambulisho. Kijana akapitisha mashine mara mbili.

“Jjajja,” yaani babu, “hii haisomi.”

“Pesa wamekata. Soma hapo, wameandika nimelipa.”

“Naona, jjajja, lakini mimi nasoma kile kiboksi. Wewe huna.”

Kijana hakuwa na kosa na hakuwa mkaidi. Alimwita mkubwa wake, mkubwa akapiga simu kwa wauza tiketi, simu ikaita bila kupokelewa. Nilisema nilipe upya, taslimu, papo hapo. Taslimu hawapokei. Nikajaribu kununua nyingine kwa simu yangu, mtandao umezidiwa kwa sababu watu wote pale langoni walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Tukasogezwa pembeni. Waliokuwa pembeni pamoja nasi nilihesabu: wazee sita, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na kijana ambaye simu yake ilikuwa imezimika chaji. Bao letu la kwanza tulilisikia tukiwa nje. Sajini alisikia ule mlipuko wa sauti, akatazama ukuta, akauliza, “Ni sisi?” Nikamwambia ni sisi. Akapiga makofi peke yake pale nje, mara tatu.

Tuliingia dakika ya 34, mtandao ulipofunguka.

Mtu ambaye ana nusu za tiketi ndani ya kopo tangu zama za Musisi hakustahili kupigia makofi ukuta. Sipingi tiketi za simu. Zimepunguza msukumano, zimepunguza wizi wa mapato ambao klabu zetu zimelia nao miaka na miaka, na usalama wake naukubali. Ninachotaka ni dirisha moja tu la taslimu kwa kila uwanja, au ujumbe wenye namba fupi ambayo mtu wa langoni anaweza kuiandika kwa mkono kwenye mashine yake. Uwanja mwingine tuliocheza wiki tatu baadaye walikuwa na hiyo namba fupi. Sajini aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akapita.

Bei: tiketi ya kawaida nililipa shilingi 10,000 karibu kila mahali. Ndani maji ya chupa ni ghali na hawakuruhusu kuingia na yako, kwa hiyo kunywa kabla. Karanga na gonja, zile ndizi za kuchoma, ziko nje tu. Zamani muuza karanga alipanda ngazi hadi ulipo, akakupimia kwa kifuniko cha chupa kwenye koni ya gazeti. Nunua nje, maliza nje.

Kwa jumla natoa nyota nne. Ya tano nimeiweka langoni.

Kwa wenye wazazi wa aina ya Sajini, hivi ndivyo ninavyofanya sasa: nanunua tiketi zote mbili kwa simu yangu siku moja kabla, napita duka la kuchapisha karibu na stendi, nachapisha yake kwa shilingi 500, karatasi nzima, kiboksi kikubwa. Mashine inaisoma bila shida. Mechi ya mwisho, baada ya kupita, alimrudia yule dada wa langoni akamwomba aichane katikati. Dada alinitazama mimi kwanza, kisha akaichana, akampa nusu yake. Jumamosi tunaondoka Nsambya saa nane, kwa miguu.