Dawa ya wadudu gamba: ipi ya kununua, ipi ya kuacha dukani

Kabla ya kwenda duka la pembejeo, chuma jani lenye vidoa na ukiinue kimoja kwa ncha ya sindano. Kifuniko kikibanduka peke yake na kumwacha mdudu laini chini yake, huyo ni gamba gumu, mfano wa yule mweupe wa miembe. Lakini ikiwa gamba ndiyo mwili wenyewe, na jani linanata, lina masizi meusi na sisimizi wanapandapanda, huyo ni gamba laini. Bila kujua hilo utanunua dawa isiyo yake. Na kama ni mche mmoja wa asumini kwenye chungu, usinunue kitu: mswaki mkuukuu na maji ya sabuni vinatosha.

Kwa miti ya bustani hapa Malindi, mafuta mepesi ya madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ndiyo ninayoyaweka mbele, kwa kuwa huwakaba pumzi wa aina zote mbili. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji, lakini fuata kibandiko. Majira ya kaskazi, nyunyizia jioni juu ya mti ulionyweshwa, upande wa chini wa majani usisahaulike, na usiyakaribishe na salfa, ile dawa ya ukungu, kwani majani yataungua.

Ya pili ni mafuta ya mwarobaini. Hufanya kazi polepole, hasa kwa wadudu wachanga, na jua huyaharibu haraka. Chupa iliyoanikwa dirishani mwa duka siichukui hata kwa nusu bei.

Sabuni ya mimea ni rahisi, ila huua wachanga wanaotambaa tu, na maji ya visima vyetu vya matumbawe huigandisha. Tumia ya mvua. Sabuni ya unga iache kwa nguo.

Imidaklopridi naiweka mwisho. Husafiri ndani ya mti na kuwaua magamba laini, lakini magamba magumu mengi hayanyonyi kwenye mirija inakopita, huku nyuki wa mwembe ngowe uliochanua wakiangamia. Ukilazimika, hakikisha kibandiko kina nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu, na kinautaja mmea wako.

Baada ya wiki mbili usiyahesabu magamba, maana hata yaliyokufa hubaki yamegandama. Yakwangue kwa ukucha: likitoa majimaji, rudia, likiwa kavu na kupukutika kama pumba, weka bomba chini.